Nilichoma pingu ya mama, sasa siwezi kufungua kibanda bila chupa ya mafuta

Kwako Mshauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mikindani hapa Mombasa, na riziki yangu ni kuuza nguo za mitumba katika soko la Kongowea. Nakuandikia juu ya jambo ambalo naona haya kulisema kanisani, kwa kuwa lilianzia kanisani.

Nilizaliwa Rabai, na ijapokuwa Krapf alifungua misheni kwetu tangu mwaka 1846, nyumba yetu ilibaki katika imani ya wazee. Nilipoanza biashara, mama yangu alinipa pingu, yaani hirizi, aliyotengenezewa na mganga, akaniagiza niitundike kibandani ili nisidhuriwe na macho ya watu. Miaka sita iliyopita niliokoka nikabatizwa, na pingu ile nikaichoma mbele ya mchungaji, nikiwakumbuka wale watu wa Efeso katika Matendo ya Mitume 19 walioteketeza vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Mama alininunia karibu mwaka mzima, lakini moyo wangu ulikuwa na amani.

Mwaka juzi kanisa letu lilipokea mhubiri mgeni, ambaye aliombea chupa ndogo za mafuta zikauzwa kwa shilingi 500 kila moja. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alinunua mbili, moja ya nyumbani na moja ya kibandani, nasi tukaelezwa kwamba tupake mlangoni kabla ya kufungua. Mwanzoni nilipaka huku nikiomba. Baadaye maombi yakafupika, na siku hizi, nisikufiche, napaka tu.

Novemba iliyopita, asubuhi ya kufungua robota jipya, saa ambayo wateja hugombania zile nguo bora tunazoziita kamera, niligundua kwamba nimeisahau chupa nyumbani. Niliingiwa na hofu nisiyoweza kuieleza. Nilimwachia jirani kibanda, nikapanda matatu, nikavuka daraja la Nyali, nikapita kisiwani hadi Makupa, nikafika Mikindani na kurudi njia ile ile, na foleni ya Changamwe kila mtu wa Mombasa anaijua. Niliporudi ilikuwa inakaribia saa sita, na wanunuzi wa kamera walikuwa wamekwisha kununua kwa wenzangu. Hata hivyo nilipaka mafuta kwanza, nikaketi, nikashukuru kwamba sasa niko salama. Jirani yangu, ambaye ni Mwislamu, aliniuliza kwa upole iwapo kulikuwa na msiba nyumbani. Sikuwa na la kumjibu.

Juma lile lile mama alinitembelea sokoni, akaiona chupa, akaniuliza, "Mwanangu, hii yako na ile uliyoichoma zimepitana wapi?" Nilimwambia kwamba hii imeombewa. Akasema hata ile iliombewa.

Tangu hapo sisomi Biblia kwa utulivu. Katika 2 Wafalme 18 naona Hezekia akiivunja nyoka ya shaba, ambayo Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Katika 1 Samweli 4 naona watu wakilibeba sanduku la agano vitani kana kwamba ni hirizi, wakapigwa na Wafilisti, na sanduku lenyewe likatekwa. Hata hivyo Yakobo anawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta na kumwombea, kwa hiyo sithubutu kusema kwamba mafuta ni mabaya. (Ila Yakobo anamtaja mgonjwa, kibanda hakitaji, wala bei.)

Januari nilijaribu kuiacha chupa kabatini. Mauzo yalishuka, na mfanyabiashara yeyote wa Kongowea atakwambia kwamba Januari mauzo hushuka kwa kila mtu, maana wazazi wanalipa karo. Nalijua hilo kwa akili, lakini siku ya kumi na tano nilikwenda kabatini mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nikairudisha. Jaribu langu ndilo hilo: ninapowaza mauzo ya kesho, moyo wangu hukimbilia chupa kabla ya kumkumbuka Mungu.

Nilipomgusia mume wangu, alisema kwamba kuyatilia shaka mafuta ni kumfungulia adui mlango. Yeye ndiye aliyekabidhiwa chupa zilizobaki awauzie waumini, hivyo nikiitupa yangu, itaonekana kwamba nimeudharau uzee wake mbele ya kanisa lote. Katika 2 Wafalme 5, Naamani, jemadari wa Shamu, alipomwamini Mungu wa Israeli, aliomba asamehewe pale atakapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, kwa ajili ya bwana wake, na nabii Elisha akamwambia aende kwa amani.

Je, nami ninaweza kuiondoa chupa ya kibandani na kuinyamazia ile ya nyumbani kwa ajili ya mume wangu, au huko ni kujificha nyuma ya Naamani? Na kama ni lazima nizungumze, nianze na nani: yeye, au mchungaji ambaye mbele yake niliichoma pingu ya mama?

Wako katika Kristo,
Mama wa Mitumba,
Kongowea, Mombasa