Mdogo wangu, kabla hujaifuta ile klipu ya mjomba

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia, sauti yako ilikuwa imekauka. Tamthilia imeshamaliza kushutiwa, mwezi wa tatu huu, na malipo yako bado ni "wiki ijayo". Kisha ukaniambia, polepole kama unayeungama, kwamba unataka kuongoza filamu zako mwenyewe, na wenzako wamekucheka: nani anakujua wewe? Nilikosa jibu kwenye simu. Naliandika hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Kuna mtu nataka umjue, Mati Diop. Ni mwongozaji wa filamu na mwigizaji, Mfaransa, kazaliwa Paris mwaka 1982. Baba yake ni Wasis Diop, mwanamuziki wa Senegal. Baba yake mkubwa ni Djibril Diop Mambéty, mwongozaji aliyetengeneza filamu ya Touki Bouki mwaka 1973. Nakusikia ukiguna, "Si ana ukoo!" Sawa, anao. Ila Mambéty alifariki 1998, binti akiwa na miaka 16, kwa hiyo hakuwa mtu wa kumshika mkono hadi kwenye kamera.

Wengi walimfahamu kama mwigizaji, mwaka 2008, katika 35 rhums, filamu ya mwongozaji Mfaransa Claire Denis. Anacheza Joséphine, anayeishi na baba yake, dereva wa treni. Siku moja binti anarudi na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Jioni hiyohiyo baba naye anaingia na ya kwake. Binti anaificha aliyoinunua, anaipokea ya baba kwa furaha. Basi. Hakuna kilio, na hakuna mtu wa kutueleza wanavyopendana. Wewe uliyezoea kuambiwa "lia zaidi, dada", itazame hiyo sini mara mbili.

Hakukaa kungoja jina likue. Mwaka 2009 alitoa Atlantiques, filamu fupi: usiku, ufukwe wa Dakar, vijana wameuzunguka moto, mmoja anasimulia alivyojaribu kuvuka bahari kwenda Ulaya. Miaka kumi baadaye akairudia habari ileile kwa filamu ndefu, Atlantique, kwa Kiwolof, na wahusika wakuu wengi hawakuwa waigizaji wa kazi. Mwaka 2019 ikampeleka Cannes, tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu iliyoshindanishwa kwenye kundi kuu la tamasha lile, akatoka na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa.

Na hapa ndipo nilipokukumbuka. Vijana wa filamu ile wanajenga jengo refu la tajiri, mishahara hawalipwi, wanapanda mtumbwi na bahari inawameza. Kisha wanarudi. Usiku wanawaingia wasichana wa mtaani, macho yanageuka meupe, kwetu tungesema wamepandisha. Wasichana wanakwenda hadi sebuleni kwa tajiri kudai ujira wa marehemu, na pesa zikishatoka wanamlazimisha achimbe makaburi kwa mikono yake. Nilicheka peke yangu, nikifikiria nani ningemtumia wasichana wale kwa niaba yako.

Mwaka 2024 akashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, kwa filamu yake Dahomey, jina la ufalme wa zamani uliokuwa Benin ya leo, kuhusu vitu 26 vya kifalme ambavyo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Sanamu ya mfalme inazungumza Kifon, lugha ya huko Benin, kutoka gizani, ndani ya sanduku. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana: vitu 26 kati ya maelfu, ni heshima au ni matusi? Hawaafikiani, naye hawaamulii. Rais wa majaji waliompa tuzo alikuwa Lupita Nyong'o, mwigizaji mwenzenu.

Sasa ile klipu uliyompiga mjomba barazani, akisimulia alivyozamia meli pale bandarini, siku nne chini ya shehena kwa maji ya chupa moja. Uliniambia utaifuta, simu imejaa, tena sauti ya feni imeharibu. Usiifute. Nitumie usiku huu nikuhifadhie. Jumamosi nakuja, Atlantique iko Netflix, bando juu yangu. Wewe muombe mjomba arudie kuanzia pale mabaharia walipofungua mlango, na safari hii uzime feni.

Dada yako.