Mhariri, tuandikieni na mvua iliyonyesha jana

Ndugu mhariri,

Nisamehe barua ndefu. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga, kazi yangu ni kupima, nikishamaliza kupima viuno vya watu napima mvua. Usicheke, hata mke wangu alishacheka akachoka, siku hizi ananikumbusha mwenyewe, "baba nanihii saa tatu imefika, kopo lako hujaliangalia."

Ninachoomba ni kidogo sana, ila kabla sijakiomba nieleze nimefikaje hapa.

Yote yameanzia barazani. Mbele ya cherehani yangu kuna benchi, na wewe unajua benchi la fundi, wanakaa wenye kazi na wasio na kazi, na kila ikisomwa taarifa ya hali ya hewa kesho yake lazima mtu aseme "hawa waongo, si walisema mvua leo, iko wapi?" Miaka nenda rudi maneno hayohayo. Mimi na mimi nilikuwa naitikia tu, mpaka siku moja nikajiuliza, hivi sisi tunajuaje kama wamedanganya? Nani kapima? Mtu akiniletea suruali akasema haimtoshi simwamini kwa maneno, natoa futi kamba.

Basi nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile isiyo na mikunjo mingi, nikakata shingo nikaigeuza ikawa mdomo wa kumiminia, chini nikatia kokoto maana kitako cha chupa kina mabonde, nikajaza maji kufunika kokoto na hapo ndipo ikawa sifuri. Pembeni nikabandika kipande cha futi kamba kwa selotepu. Sentimita moja ni milimita kumi, mchezo umekwisha.

Mchezo haukuisha. Mara ya kwanza niliitundika kwenye nguzo ya kibaraza, chini ya ukingo wa bati. Mvua ikanyesha usiku, asubuhi chupa imefurika, nikatangaza barazani kwa sauti ya mkubwa wa idara kwamba Makorora imepata zaidi ya milimita 140. Kijana mmoja bodaboda akatazama juu, akatazama chupa, akaniuliza, "Fundi, hiyo ni ya mbinguni au ya bati lote?" Watu walicheka wiki nzima. Nikaihamishia uwanjani kwenye nguzo ya peke yake, mbali na ukuta na mbali na mwembe, kanuni ni kwamba kama kizuizi kina urefu wa mita tatu basi ukae mbali angalau mara mbili yake. Halafu mjukuu wangu naye akaja kuitia maji kwa kikombe, jua linawaka mimi nasoma milimita 61, siku hiyo nilikaribia kuamini miujiza.

Sasa sikia kilichonifungua macho. Dada yangu anakaa Pongwe, nikamtengenezea chupa kama yangu, kila saa tatu asubuhi anasoma ananitumia watsapu. Nachagua saa tatu kwa sababu ndio saa ya vituo vyenyewe kusoma mvua ya masaa 24 yaliyopita. Kuna siku ya masika hapa kwangu nimesoma milimita 2, yaani hata vumbi halijalala vizuri, barazani watu wanasema "si mnaona, walisema mvua kubwa." Simu ikalia, dada kaandika 38, na picha ya kuku wake wamepanda juu ya kinu. Jiji moja, usiku mmoja! Wingu la radi huwa upana wake kilomita chache tu, linaweza kumaliza hasira zake zote Pongwe wewe uko Chumbageni unaona umeme kwa mbali unasema hamna kitu. Aliyetabiri alisema "baadhi ya maeneo", sisi hilo neno "baadhi" hatulisikii kabisa, tunasikia mvua tu.

Na ndio hivyohivyo kwa Hidaya. Mnakumbuka mwaka 2024, kimbunga kile kiliingia pwani yetu karibu na Mafia tarehe 4 Mei, boti za Zanzibar zikasimama, kila mtu kafunga madirisha. Huku barazani wiki iliyofuata mtu anasema kwa uhakika kabisa eti ilikuwa kelele tu, wakati kule Somanga barabara ya Lindi ilikatika na watu walikwama njiani na mizigo yao. Kwa hiyo kelele kwako, kwa mwenzio daraja limekwenda.

Hapo nikaingia kwenye udadisi mwingine, niseme kidogo maana unaninyima usingizi. Kimbunga cha Zanzibar kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani Barghash kilikuwa Aprili 1872. Cha Lindi kilikuwa Aprili 1952. Jobo cha 2021, kile kilichoishiwa nguvu kabla hakijatufikia vizuri, Aprili. Hidaya, mwanzo wa Mei. Mnaona? Vyote vimekuja wakati wa maleleji, kaskazi imeshachoka na kusi haijashika, upepo hauna mwenyewe, ndio majira mabaharia waliyaita tanga mbili. Na kwa nini vinakuja kwa nadra hivyo? Kimbunga ili kizunguke kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo ukikaribia ikweta unapungua mpaka unakuwa kama haupo, ndani ya nyuzi tano hivi ni shida sana kimbunga kusimama. Tanga tuko nyuzi tano na kidogo kusini. Tunakaa mlangoni kabisa, ndio maana Msumbiji wanapigwa kila mara sisi tunasikia habari. Lakini mlangoni sio ndani, 1872 ni ushahidi.

Jingine hili mtu yeyote anaweza kulifanya bila hata chupa. Mwanzoni mwa Machi, kama tarehe 8 hivi, simamisha fimbo iliyonyooka uwanjani mchana. Hapa Tanga ikifika saa sita na nusu na dakika chache fimbo inakosa kivuli, kabisa, jua limekaa juu ya utosi. Linarudi tena kama tarehe 5 Oktoba, ila mara hii kivuli kinapotea mapema, saa sita na dakika kumi na kitu. Mimi hii tofauti sikuigundua kwa akili zangu, niliiona kwenye kalenda ya msikitini, adhuhuri ya Oktoba inaingia mapema kuliko ya Machi, nikamuuliza ustadhi kwa nini akaniambia "fundi, hesabu za jua hizo, nenda kaangalie mwenyewe." Nikaangalia. Na ukiangalia zaidi utaona jua likishapita juu yetu halafu mvua ndio zinafuata nyuma, masika baada ya Machi, vuli baada ya Oktoba, kwa sababu ule mkanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini zinakutana na kupandisha hewa juu unalifuata jua kama mkia, unachelewa chelewa lakini unakuja. Wenzetu wa Songea na Mbeya mkanda unakaa kwao kuanzia Novemba mpaka Aprili, wana msimu mmoja. Sisi unatupita ukienda na kurudi, ndio maana tuna vuli na masika. Nilisoma shule jina la vuli na masika miaka saba, hili la mkia wa jua hakuna aliyenionyesha kwa fimbo.

Kule Deep Sea, wanakoshusha samaki hapa Tanga, kuna mzee mvuvi bado anahesabu siku tangu Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili wa zamani, anazipanga kwa miongo, kila mwongo siku kumi, anakwambia mwongo fulani bahari inachafuka, mwongo fulani kusi inapiga. Mwaka wake una siku 365 basi, hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, kwa hiyo unateleza taratibu, kwa miaka mia unateleza kama siku 24 au 25. Nilipomwambia akanitazama kama mtoto, akasema "sisi tunajua, ndio maana hatuangalii hesabu peke yake, tunaangalia na wingu." Alivyo ananidharau kidogo mzee yule! Lakini ana haki, ametoka na umande, upepo wa nchi kavu, alfajiri na kurudi na matlai, upepo wa baharini, miaka hamsini, mimi natoka na chupa mpaka uwanjani.

Ndege dudumizi pia nimemfungulia ukurasa wake. Si wanasema akilia mvua inakuja? Kwenye kaunta buku langu nikimsikia naandika D, mvua ikinyesha naandika namba, baadaye nitalinganisha. Mpaka sasa nachoweza kusema ni kwamba ndege huyu analia sana, analia na jua, analia na wingu, halafu ikinyesha tunamkumbuka, isiponyesha tunamsahau. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wangekuwa ndege tungewasamehe vilevile.

Sasa ombi langu. Mhariri, magazeti mnatuandikia utabiri, vizuri, tunashukuru. Mnaandika "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Wastani upi? Mimi najua sasa kwamba wastani ni wa miaka 30, huu wa siku hizi ni 1991 hadi 2020, yaani kuna watu kila siku kwa miaka thelathini walikwenda kufungua kopo saa tatu asubuhi, Idd wakaenda, Krismasi wakaenda, ndio tukapata neno hilo. Lakini msomaji wa kawaida neno hilo kwake ni upepo. Tuandikieni namba ya jana. Kona ndogo tu, kama mnavyoweka matokeo ya mpira: Tanga ngapi, Dar ngapi, Mwanza ngapi, Bukoba ngapi, Dodoma sifuri. Hakuna anayeandika "Simba na Yanga wanatarajiwa kucheza" halafu asiandike magoli! Vituo vinapima, wenye mamlaka wanazo, kaombeni. Simaanishi watu kama mimi tuanze kutabiri magazetini, kutabiri kuna wenyewe na sheria zake, mimi naongelea kilichokwisha dondoka.

Na namba ina kazi. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Bati la nyumba yangu ni mita 8 kwa 5, kwa hiyo ikinyesha 25 ni lita elfu moja, simtanki nzima, ndoo 50 za lita ishirini, na mimi nilikuwa nanunua madumu huku maji yangu yanapita mbele ya mlango yanaelekea mtaroni yakicheka. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea nukta. Wiki hiyohiyo nikafunga gata. Mkulima wa Muheza akisoma kwamba Amani juu milimani, ambako kwa mwaka wanapata kama milimita 1,900, jana imedondoka 80, anajua mto utamjia, hahitaji kusubiri auone.

Nimalizie na huyu kijana aliyesoma mkoani kwetu wenyewe, maana wengine mtasema haya ni mambo ya wasomi. Shule ya Magamba kule Lushoto, mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza barafu za maziwa na wenzake, akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe sababu alikuwa anawahi nafasi, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini. Akaambiwa umechanganyikiwa, baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, wakaita fizikia ya Mpemba. Hakuacha kuuliza, mpaka alipokuja mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar, akamuuliza yeye, yule akaenda kujaribu badala ya kucheka, 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo mabingwa wa dunia wanabishana kama ni kweli au si kweli na ni wakati gani. Mimi hapo sina upande, friza langu linajaa samaki. Ninachopenda ni kwamba alikuwa na sufuria la maziwa tu.

Shule za msingi hapa Tanga chupa zimejaa majalalani. Mwalimu akitaka nitakuja na mkasi wangu na futi kamba, bure, ila kokoto walete wenyewe.

Leo asubuhi kwangu: milimita 0, na mjusi mmoja kafia ndani.

Fundi cherehani,
Makorora, Tanga