Kwa rafiki aliyekabidhiwa wahadhiri

Rafiki yangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kwamba kazi hii wamekupa wewe. Unasema chuo kimekutengea siku moja ya semina uwaonyeshe wahadhiri namna ya kutumia mfumo wa kufundishia mtandaoni kabla muhula haujaanza, nawe unauliza uanzie wapi. Anza kwa kuikataa semina hiyo ilivyo.

Siku moja ya kuonyeshwa vitufe humwacha mhadhiri akijua kupakia faili na kufungua kikao cha video, lakini bado hajui kufundisha watu asiowaona. Basi atafanya alichozoea: atachukua mhadhara wake wa saa mbili, ausome mbele ya kamera, kisha aweke slaidi. Ndivyo wengi walivyofanya mwaka 2020 vyuo vilipofungwa ghafla, na watakuja kwako na kumbukumbu hiyo. Machi ya mwaka huohuo, mtafiti wa elimu Charles Hodges na wenzake waliandika makala wakitenganisha ufundishaji wa dharura na kozi iliyopangwa tangu mwanzo iwe ya mtandaoni. Waeleze tofauti hiyo siku ya kwanza. Nimeona nyuso zikikunjuka kwa maneno hayo tu, kwa sababu mtu aliyejihesabu kuwa ameshindwa hutambua kwamba kazi yenyewe hakuwahi kupewa muda wa kuifanya.

Omba wiki nne badala ya siku moja, saa chache kila wiki, na mafunzo yote yafanyike ndani ya mfumo watakaoutumia, wao wakiwa wanafunzi. Kama kuna jambo moja la kulishikilia mbele ya wakubwa wako, ni hili. Mwanzoni wape somo fupi ulilolivuruga kwa makusudi: maelekezo ya zoezi yametawanyika kurasa tatu, tarehe ya mwisho imeandikwa mahali pamoja hivi na pengine vile, swali lililoulizwa halijibiwi. Siku ya pili waambie ulivyofanya, uwape somo lilelile likiwa limenyooshwa. Hutahitaji kuhubiri juu ya mpangilio mzuri. Wenyewe watarudi kwenye kozi zao na kuanza kuhamisha vitu.

Sasa nije kwenye kiini. Darasani mwalimu yupo hata akinyamaza. Wanafunzi wanamwona, naye anaona nani amepotea. Mtandaoni, asipoandika au kusema kitu, hayupo. Garrison, Anderson na Archer, watafiti waliokuwa Canada, waliligawa jambo hili mwaka 2000 katika sehemu tatu: watu wahisi wako na watu, fikra zijengwe kwa pamoja, na pawepo anayepanga na kuongoza yote hayo. Wahadhiri wengi huishia kwenye kupanga. Wanaweka kila kitu mwezi mmoja kabla, kisha wanaondoka wakiamini kozi itajiendesha. Kwa hiyo wafundishe kazi ndogo za kila wiki: ujumbe mfupi wa Jumatatu unaogusa walichoandika wanafunzi wiki iliyopita, mrejesho wa sauti wa dakika moja au mbili kwenye kazi, na barua ya faragha kwa mwanafunzi ambaye hajaonekana kwa siku kadhaa. Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote. Anayeacha kozi ya mtandaoni hutoweka kimyakimya, na mara nyingi swali moja la upole likifika mapema humrudisha.

Kuhusu video, watakuuliza sana habari za kamera na taa. Wapunguzie wasiwasi. Mtafiti Philip Guo na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta watazamaji walidumu kama dakika sita kwa kawaida, hata video iwe ndefu kiasi gani, na kwamba mwalimu anayezungumza kwa kawaida mezani kwake aliweza kuwashika kuliko studio ya gharama. Kozi zile zilikuwa wazi kwa yeyote, hivyo usiifanye dakika sita kuwa sheria kwa wanafunzi wanaosomea shahada. Funzo lake ni kwamba kila wazo lipate video yake, na baada ya kila video pawe na swali la kumfanya mwanafunzi akumbuke alichosikia. Na kila video iwe na maandishi ya maneno yanayosemwa: yanamsaidia asiyesikia vizuri, na pia anayesoma kwenye simu nyumba ikiwa na kelele.

Mijadala ndiyo hufa haraka, na mara nyingi kosa ni la swali. Ukiandika "jadili faida na hasara," wa kwanza anamaliza yote, waliobaki wanaandika "nakubaliana." Wakae pamoja na maswali yao halisi wayaandike upya yawe visa vinavyodai uamuzi: mgonjwa huyu, daraja hili, mkataba huu, wewe ungefanya nini na kwa nini? Moodle, mfumo wa kufundishia unaotumiwa na vyuo vingi, ina aina ya jukwaa la mijadala ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake. Waonyeshe hiyo, ni kitufe kimoja kinachostahili muda wa semina.

Usiogope wahadhiri wazee. Wanaoitwa wagumu mara nyingi ndio wanaojua zaidi mwanafunzi hukwama wapi katika somo lao, na ujuzi huo ndio mgumu kuupata, mfumo watauzoea. Kinachowatisha ni kurekodiwa wakikosea, na kuumbuliwa mbele ya vijana. Kila mmoja mpe mwenzake wa idara yake, watembeleane kwenye kozi zao, waambiane kwa faragha.

Kisha pigania saa zao. Kuandaa kozi ya namna hii kunakula muda mwingi kuliko kurudia mhadhara wa mwaka jana, na mhadhiri mwenye mzigo uleule wa vipindi atarudi kwenye slaidi hata umfundishe vipi. Mpelekee mkuu wa taaluma hoja hiyo kabla ya kumpelekea ratiba.

Niandikie ni wangapi kati yao wanafundisha masomo ya maabara na mazoezi ya vitendo. Kwao wiki ya tatu ya mafunzo inabidi ipangwe tofauti, na ningependa tuiandike pamoja kabla hujaomba muda.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako