Harambee: tuokoe majina ya kanga kabla masika hayajaingia

Mama zetu, wazazi, wenye maduka wa Kariakoo na wanamtaa wote wa Ilala,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Sisi kamati ya kanga tunarudi kwenu kwa aibu, maana mwaka jana mlituchangia na fadhila ile hatujaisahau. Lakini bati la chumba tulichoazimwa linavuja palepale juu ya masanduku, na ndani yake mna kanga 312 mlizozileta kwa mikono yenu. Masika yaliyopita 19 zililowa. Kisutu moja, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi yake nyekundu imekimbilia kwenye nyeupe, na jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, halisomeki tena.

Kanga haikai. Ikichakaa inakuwa nepi, kisha dekio, na maneno yake yanaondoka nayo. Ndiyo maana tunatengeneza programu ya simu: unachagua kanga, unaona pindo, mji na jina, unabonyeza na kumsikia bibi akieleza ilivaliwa lini na ilimlenga nani. Sauti hiyo ndiyo roho ya kazi yote. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" kila mtu anaweza kuisoma. Kwa nini mtu ajitande kanga hiyo siku wifi anapokuja kutembea, hilo lazima lisemwe na anayelijua.

Kupiga picha kuna taratibu zake. Kanga yenye ukungu inaanikwa kivulini, kamwe si juani, kwa kuwa jua hula rangi. Haifuliwi kabla ya kubonyeza pamba nyeupe yenye unyevu kwenye kona: pamba ikishika rangi, maji yasiiguse. Inapigwa pasi ya wastani upande wa nyuma, ule uliofifia, kisha inatandazwa na kupigwa picha kutoka juu kwa taa mbili za pembeni. Taa ya simu haifai: kanga mpya ina wanga na itang'aa katikati. Simu nayo hujirekebishia rangi yenyewe, nyekundu ya kisutu ikageuka chungwa, kwa hiyo kila picha inahitaji kadi ya rangi pembeni.

Majina tunayaandika kwa mkono. Programu za kusoma maandishi hukosea mkunjo unapoficha herufi moja tu, na kanga za zamani zenye herufi za Kiarabu mara nyingi huzishinda. Watu wawili wanaandika kila mmoja peke yake, halafu tunalinganisha. Tukifika kwenye kanga zilizochapwa Urafiki, kiwanda kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, tunaandika na jina la kiwanda, maana wajukuu wengi wanadhani kanga zote zimetoka ng'ambo.

Kanga moja inachukua dakika 12. Zote 312 ni siku 16 za saa nne nne, ukiacha kurekodi sauti. Picha kubwa zinabaki kwenye diski; ya kwenye simu inapunguzwa hadi kilobaiti 150, na dakika moja ya sauti ni kama kilobaiti 180, ili mwenye bando dogo naye asikose.

Mahitaji ni haya: fundi wa programu kumalizia sehemu ya sauti na utafutaji, 2,400,000, kabati la chuma, 650,000, taa mbili na stendi, 380,000, diski mbili za terabaiti moja (moja ikifa nyingine ipo), 360,000, nauli na chai ya kina bibi, 210,000, maikrofoni mbili za kubana kifuani, kwa sababu honi za daladala zinameza sauti, 140,000, kadi ya rangi, 120,000, shuka nyeupe za kufungia, 60,000. Jumla shilingi 4,320,000. Mkononi tuna 1,450,000. Pengo ni 2,870,000.

Wenye maduka wa Mtaa wa Uhuru, maneno haya ndiyo yanayowauzia doti kila siku. Tunawategemea ninyi kwanza. Na sisi wengine, sare ya harusi hatukosi hata mwezi ukiwa mgumu. Bei ya doti moja tu kwa kila nyumba ingetuvusha. Asiye na fedha alete bibi yake aje azungumze, au aje na pasi.

Michango apokee mweka hazina peke yake, kwa risiti. Hesabu itabandikwa mlangoni kila Ijumaa na kusomwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Aliyeleta kanga atasaini kabla picha ya kanga hiyo haijawekwa kwenye programu, na akiitaka kanga yake atarudishiwa wakati wowote.

Tunafunga michango tarehe 28 Februari. Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Kamati ya kanga, Ilala, Dar es Salaam