Salamu za Hanuka kutoka Brooklyn, na neno moja kuhusu kesi ya shamba

Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo vipi, dada yenu nipo mzima ila baridi ya huku si mchezo. Kwa mzee ninayemtunza tumeingia Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya kuwasha taa siku nane, ile ambayo kwenye Biblia yetu Yohana 10 inaitwa Sikukuu ya Kutabaruku. Mzee ni Hasidi wa Chabad, yaani Myahudi wa kundi moja la wacha Mungu sana, taa zake anaziweka juu ya kiti pale mlangoni, vikombe vidogo vya mafuta ya zeituni, juzi kimoja jana viwili leo vitatu hivyo hivyo mpaka vifike vinane, na zikiwa zinawaka desturi yao mwanamke hafanyi kazi, mimi nimeshika sufuria naelekea kwenye sinki mzee ananiambia wewe, keti! Nikaketi bwana, nani anakataa.

Ndo hapo akanisomea barua ya rabi wao wa zamani, Shneur Zalman wa Liadi, huko Belarusi ya leo. Huyu alikuwa anakusanya hela za maskini wa Nchi Takatifu, na nchi yenyewe kipindi hicho iko chini ya Waturuki, basi wapinzani wake, Wayahudi wenzake kabisa, wakamchongea serikalini eti anamsaidia adui wa Urusi. Akawekwa ndani St. Petersburg siku 53. Akaachiwa 1798, tarehe 19 ya mwezi wao wa Kislevu, yaani siku sita tu kabla ya Hanuka, na mpaka leo siku hiyo kwao ni sherehe.

Sasa mngetegemea awaandikie wafuasi wake kwamba tumewashinda, pigeni ngoma. Wapi! Kachukua maneno ya Yakobo pale anapomuogopa Esau, kwamba mimi ni mdogo mno kwa rehema zote hizi, akawaambia Mungu akikutendea wema ndo anakuvuta karibu, na ukishakuwa karibu naye unajiona mdogo zaidi. Akawakataza vikali wasiwatambie wale ndugu wala kuwapigia miluzi. Miluzi kabisa, kaitaja! Wajibu kwa upole, huenda Mungu akailainisha na mioyo ya wenzao.

(Kuna barua nyingine analalamika watu wanamfuata mpaka kumuuliza mambo ya biashara, nikacheka, nikamkumbuka mchungaji wetu.)

Mimi nikawa naziangalia zile taa nawaza hili grupu letu. Tangu hukumu ya kesi yetu ya shamba na baba mdogo itoke tukashinda, naona stika za kucheka, voisi za vigelegele, na mtu kaweka stetasi anajua fika baba mdogo ataiona. Ifuteni jamani, leo leo, sitaji jina.

Hela ya Krismasi nimetuma kwa mama, humo kuna ya mchele kilo kumi zaidi, hiyo ni ya nyumbani kwa baba mdogo. Apelekewe mkononi, asitumiwe mtoto, na atakayeenda akae kidogo anywe chai. Sikukuu njema wote, mzee naye anawasalimia.