Usinunue sanduku jipya bado

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani, maana nilikuwa nakusubiri baharini muda mrefu. Unauliza kama vyambo bandia ulivyokusanya miaka yote kwa ajili ya besi, wale samaki wawindaji wa ziwani, vitakufaa gatini na ufukweni, au uvigawe uanze upya. Usivigawe. Samaki wa baharini hajui chambo kilitengenezewa maji gani. Akiona kitu kidogo kinakwenda mrama kama kilichojeruhiwa, na kinaenea mdomoni mwake, atakifuata. Mnyoo wa plastiki alioutengeneza Nick Creme kule Ohio mwaka 1949 ulikuwa wa kuvulia besi wa maji baridi, na leo vyambo vya ukoo huo vinarushwa kwenye mawimbi kila pembe ya dunia. Usiwaogope samaki, waza chumvi na upepo.

Anza na vile visamaki vya mpira vyenye mkia bapa unaopigapiga. Kama ningeruhusiwa kwenda ufukweni na aina moja tu, ningechukua hivyo. Ila badilisha kichwa cha risasi, yaani ule uzito wenye ndoano unaouchomeka kwenye mpira. Ziwani ulizoea gramu 5 au 7, na gatini siku ya maji matulivu gramu 7 mpaka 10 zinatosha. Ufukweni wimbi litakitupa chambo hicho mchangani kabla hujakiona, kwa hiyo panda hadi gramu 14, na mkondo ukiwa mkali hata 28. Uzito unaoutafuta ni ule unaokuwezesha kuhisi chini. Chambo kinagusa mchanga, unakiinua kidogo, unakiacha kishuke huku mshipi ukiwa umenyooka mkononi. Mara nyingi samaki hugonga kikiwa kinashuka, na mshipi uliolegea hautakwambia kitu.

Na usirushe mbali kwa sababu tu bahari ni kubwa. Kati ya fungu la mchanga na ufukwe huwa kuna mfereji, utautambua kwa maji yake yaliyokoza rangi pale wimbi lisipovunjika. Samaki hupita humo kuokota kila kinachofukuliwa na wimbi, wakati mwingine hatua chache tu kutoka nchi kavu. Rusha kwanza ukiwa umesimama pakavu. Wengi huingia maji ya magoti na kuwafukuza samaki waliokuja kuwafuata.

Ule mtindo wa Carolina unaoupenda nao haujapoteza kazi. Risasi inayoteleza kwenye mshipi, kipete kinachozunguka, kisha nusu mita ya uzi na mnyoo wa mpira: ukiuburuta polepole juu ya mchanga, samaki bapa wanaojilaza chini watauchukua vizuri sana. Ongeza risasi tu.

Vile vyambo vigumu vyenye ulimi wa plastiki vya kuzamia, viache nyumbani siku ya gati. Gati liko juu, mshipi unavuta kuelekea angani, na kikikaribia nguzo kinapanda badala ya kuzama, hapohapo ambapo samaki wako. Badala yake chukua vile visivyo na ulimi, vyenye vigololo ndani vinavyocheza, au kijiko cha chuma. Na usirushe moja kwa moja kuelekea bahari kuu kama wafanyavyo wengi. Rusha sambamba na gati, chambo kipite kando ya nguzo na kivuli chake, maana vidagaa hujificha hapo na wakubwa huwafuata. Vya kuelea, kama Zara Spook ya Heddon, viweke kwa alfajiri isiyo na upepo. Kolekole akikipasulia maji chambo cha namna hiyo, mikono itakutetemeka, nakuahidi.

Jambo ambalo ziwa halikukufundisha ni meno. Kila ukikosa samaki, kabla hujarusha tena, shika kisamaki chako cha mpira ukitazame. Mkia ukiwa umekatwa sawasawa, kama kwa wembe, ujue mzia au jamaa zake wamefika. Funga kipande cha waya mbele ya chambo, weka mpira kando, utumie chuma. Mkia ukiwa umenyofolewa vipandevipande, hao ni wadogo, punguza ukubwa wa chambo.

Sasa chumvi. Ndoano nyingi za ziwani, zile za rangi ya shaba iliyofifia, hazikutengenezwa kwa ajili ya bahari. Ukizirudisha sandukuni na maji yake, siku chache tu baadaye utakuta ncha imevaa kutu nyekundu, na vile vipete vinavyoshika ndoano vinaacha alama ya kahawia tumboni mwa chambo. Kwenye vyambo vigumu badilisha ndoano na vipete, uweke vya baharini vilivyo imara. Kolekole mzito hunyoosha ndoano nyembamba. Chambo kilicholowa kisilale na vikavu. Kibebe kwenye kopo lake, ukifika nyumbani kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na ukianike. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, nayo pia, lakini kaza breki yake kwanza, kisha imwagie maji taratibu. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani.

Fimbo yako ya futi 7 inatosha gatini. Ufukweni ningependa upate ndefu zaidi, angalau futi 9, ili mshipi upite juu ya mawimbi, pamoja na uzi mwembamba wa kusukwa, maana chambo chepesi hakipenyi upepo wa mbele. Na gatini nenda na wavu wa kushusha kwa kamba. Samaki mzito hapandishwi kwa mshipi kutoka chini kule, utakatika mbele ya macho yako. Kabla ya kurusha tazama nyuma yako. Gatini kuna watu na ndoano ina meno matatu.

Nenda saa mbili za mwisho za maji kujaa. Kisha niandikie ulifunga kichwa cha gramu ngapi na mkia ulirudi na alama gani, nikuchagulie vya kuongeza.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi,
Mwenzako wa mshipi