Shingo Kwanza, Nafula

Free Area, Nakuru
Jumapili jioni

Mwanangu Nafula,

Umepimwa shingo? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikikuuliza kwa simu unaniambia mtandao unakatika, na mtandao huo huo wa Kisumu haukatiki nikikuuliza kama pesa zimefika.

Jana mdogo wako alinionyesha ile video mkila samaki pale Dunga na wenzako. Ukainua chupa ya maji, ukameza, nikaona kitu kikipanda na kushuka shingoni, upande wa kulia. Nikamwambia airudishe. Nimeitazama mara sita, chapati zikiungua na wateja wakilalamika. Usiniambie ni kivuli. Kivuli hakimezi maji.

Halafu nasikia umeacha chumvi, umeacha maziwa, umeacha sukuma. Ulipokuja Pasaka ulinikuta nikimpikia mama mdogo wako bila chumvi ya dukani, bila maziwa, bila mayai, ukadhani hivyo ndivyo vilivyomletea saratani ya tezi, hii tezi ya shingoni. Hukuuliza. Wewe tangu utoto hujui kuuliza, unajua kuhitimisha. Ule ulikuwa mfungo wa wiki mbili tu kabla ya ile dawa ya iodini yenye mionzi. Tezi ndiyo inayoila iodini mwilini. Ukiinyima kwa muda, chembe zake zilizobaki baada ya upasuaji zinakuwa na njaa, na dawa ikiingia zinaifakamia na kufa nayo. Ni kama kumnyima panya makombo kabla ya kumtegea. Samaki wa baharini nao walikatazwa, lakini ngege wa ziwani aliruhusiwa kwa sababu iodini yake ni kidogo. Baada ya dawa alirudia chumvi yake na chai yake ya maziwa, na wewe ndiye uliyebaki unafunga.

Hiyo chumvi ya pinki uliyoinunua kwa bei ya pakiti mbili za unga, soma karatasi yake. Kama haijaandikwa iodini, basi umelipia rangi. Chumvi yetu hii ya kawaida ilianza kutiwa iodini miaka ya 1970 kwa sababu ya watu wa milimani waliokuwa wakitembea na rovu, ule uvimbe mkubwa wa shingo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, kitu ambacho hata jicho halikioni, lakini kisipokuwepo utakiona shingoni. Sisemi uimwage. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, hiyo ndiyo mwisho, na sisi hapa hotelini tunapitisha, najua. Ifunike vizuri, uitie chakula kikikaribia kuiva, maana iodini hupotea na moto.

Nyanya yako, ambaye umebeba jina lake, kule Busia alikula ugali wa muhogo na mtama, na mboga za maji ya majivu. Chumvi ya dukani ilikuwa ya wageni. Muhogo usipolowekwa na kukaushwa sawasawa hubaki na sumu, na mwili ukiivunja unatoa kitu kinachoizuia tezi isishike iodini. Tezi ikikosa, inatutumka. Ndiyo lile rovu lake. Sukuma na kabichi zina vitu vya ukoo huo huo, ila moto unavipunguza, na mtu anayepata iodini yake hana sababu ya kuziogopa. Nimeuza sukuma miaka 19. Ada yako ilitoka kwenye sukuma. Leo unaniambia ni sumu.

Kwa sababu ya rovu la nyanya, uvimbe wa mama mdogo ulipotokea nilisema ni mambo ya ukoo, mbona nyanya alizeeka nalo. Nikamnunulia leso nzuri za kujifunga. Miaka mitatu. Wewe unavisifu vigae vya hoteli kila ukija. Pesa zile zilikuwa na kazi nyingine kwanza. Tuyaache hayo, yeye mwenyewe hajawahi kuyataja, na sauti yake imerudi, imebaki kukwaruza kidogo tu asubuhi.

Nilimuuliza daktari mpaka akachoka: ni chakula gani kilichomletea? Alinijibu kuwa kwa vyakula vyetu hakuna anachoweza kukinyooshea kidole. Alitaja ukoo, unene (hapo akanitazama mimi), kuwa mwanamke, maana tunaipata karibu mara tatu kuliko wanaume, na mionzi utotoni. Kinywaji alichokitaja bila kusita ni maziwa ya Chernobyl. Mwaka 1986, nikiwa darasa la sita, mtambo ule wa nyuklia wa Ukraine ulipolipuka, iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Miaka michache baadaye tezi zao zikaanza kuota saratani. Wale ambao hawakuwa wakipata iodini ya kutosha waliathirika zaidi, kwa kuwa tezi yenye njaa haichagui. Sasa maziwa ya ng'ombe wa Njoro yana kosa gani?

Na usinitumie tena ile habari kwamba wanywaji wa pombe hupata kidogo saratani ya tezi. Nimemuuliza pia, ndiyo, kuna tafiti zilizoona hivyo. Pombe hiyo hiyo inaleta saratani ya mdomo, ya umio, ya ini na ya matiti. Baba yako mkubwa alikunywa chang'aa miaka 30, hakufa kwa tezi, ni kweli. Alikufa kwa umio. Kama unatafuta kitu cha kuacha, acha kumeza chai ikiwa bado inafoka moshi, kama afanyavyo ukoo mzima wa baba yako. Ikizidi nyuzi 65 wataalamu wanaishuku kwa umio. Lakini umio si shingo ninayokuuliza.

Najua utanirudishia habari ya hao Wakorea unaokwenda kusoma kwao. Kwamba walipimana shingo kwa mashine mpaka mwaka 2011 wagonjwa wakafika mara 15 ya wale wa 1993, na vifo havikubadilika. Nimeielewa, mimi si mjinga. Wale walipimwa wakiwa hawana kitu kinachoonekana. Wewe chako nimekiona kwenye simu iliyopasuka kioo. Uvimbe mwingi wa hapo si saratani, tisa kati ya kumi au zaidi, na kuujua ni kipimo cha picha na, wakiona haja, sindano nyembamba. Nenda Russia, ile hospitali kuu ya rufaa hapo Kisumu, usingoje kliniki ya mtaani ikuuzie dawa ya koo. Waambie mama yako mdogo alikuwa na nini. Umejisajili SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, au bado unasema kesho?

Huko Korea watakupa supu ya mwani. Kunywa, usimwaibishe mwenyeji wako. Lakini vile vidonge vya mwani vya kupunguza mwili ulivyoagiza, vitupe, ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Iodini ikizidi nayo inaivuruga tezi. Unaacha chumvi asubuhi kwa kuogopa iodini, jioni unaimeza kwa vidonge, na wewe ndiye msomi wetu.

Msomi kweli. Picha ya mahafali yako nimeitundika juu ya kaunta, na mchuuzi wa nyanya akija namwambia bei baada ya kumaliza kuitazama. Sikukwambia siku ile kwa sababu ulichelewa na baba yako alikuwa amekasirika.

Mdogo wako amefungua shule na deni. Gesi imepanda, nimerudi makaa kwa ndengu. Paka amezaa kwenye sanduku ulilosema utasafiri nalo, kwa hiyo nunua lingine au ungoje wiki tatu.

Nimekutumia kifurushi kwa matatu ya kesho asubuhi: unga wa wimbi, pakiti mbili za chumvi, na shilingi elfu nne ndani ya soksi nyekundu. Hizo ni za picha ya shingo, si za nywele. Matatu hiyo hiyo inarudi Alhamisi, mpe dereva karatasi ya hospitali pamoja na omena gorogoro mbili. Ziwe zimekauka. Zile za Desemba nilitoa mchanga mpaka mikono ikauma.

Mama yako